CHUO KIKUU CHA LETA: NANI ANAKIZAA, NANI ANAKIONGOZA?



Tangu muhula huu uanze, swali moja linazunguka kati ya wenzetu wa humanite ya 4: «Ukipata diploma ya Leta, utaenda kusoma wapi?» Mmoja anajibu: UOB. Mwingine: ISP. Mwingine: ISTM. Wa nne anasema wazazi wamemtafutia iniversite mpya, iko karibu na nyumbani, na minervali yake haiumizi. Lakini tukiuliza zaidi: hiyo iniversite ni ya nani? Ilifunguliwa kwa karatasi gani? Nani atatia sahihi kwenye diploma yako? Hapo wote wananyamaza na kuangalia ziwa.

Swali hilo si la mchezo. Sisi makapita tunamjua dada mmoja aliyesoma miaka 3 katika chuo ambacho jina lake tunaliacha. Mama yake aliuza sambaza kila asubuhi ili alipe feza za masomo. Dada alipopeleka dosye yake kuomba kazi, aliambiwa: «Chuo chako hatukioni katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na Leta.» Miaka 3 ilikwenda na maji, na feza za sambaza pia. Hakuna mtu aliyemwambia mbele ya wakati ni karatasi gani ya kuomba kuona.

Upande mwingine, wako wenzetu wanaosema: «Ile iko ya Leta, haina mwenyewe.» Hao nao wanakosea. Chuo kikuu cha Leta kina mwenyewe, kina karatasi ya kuzaliwa, kina mabaraza na kina mfuko. Anayejua hivi vitatu, karatasi, baraza na mfuko, hadanganywi upesi. Ndiyo maana katika gazeti hili tunajaribu kueleza jinsi chuo cha Leta kinavyozaliwa kwa sheria na jinsi kinavyoongozwa. Mfano wetu mkubwa utakuwa chuo tunachokiona kila siku: Iniversite Ofisieli ya Bukavu, UOB, kule Karhale, komine ya Kadutu.

1. CHUO CHA LETA NI NINI?

Tuanze na shule yetu wenyewe. Wengi wanafikiri shule hii ni ya Kanisa tu. Sivyo. Shule yetu ni ya Leta, lakini inasimamiwa na Kanisa. Jambo hilo linatoka katika mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 26 mwezi wa 2, 1977, kati ya Leta na makanisa. Kwa hiyo Leta inaweka programu, mtihani na diploma. Kanisa linasimamia kazi ya kila siku. Kumbe hata sisi tunaishi chini ya karatasi ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona!

Vyuo vikuu vya hapa Bukavu viko vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vyuo vya Leta: UOB, ISP, ISTM, ISDR. Namna ya pili ni vyuo vya watu binafsi, nao ni makanisa au mashirika. Mfano ni Iniversite ya Kiinjili katika Afrika (UEA), iliyoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1991, na Iniversite Katolika ya Bukavu (UCB). Hivi si vya Leta, lakini Leta imevikubali. Kukubaliwa huko kunaitwa agrema. Asiye na agrema anaweza kuwa na majengo mazuri, viti vipya na rangi ukutani, lakini diploma yake haina nguvu mbele ya Leta.

Sasa, chuo cha Leta kinaitwa na sheria «etablisma piblike». Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba sheria inakitazama chuo kama mtu. Kina jina lake. Kinaweza kuwa na shamba na nyumba kwa jina lake, kufungua konti benki, kufanya mkataba, kushitaki na kushitakiwa kortini. Rekta akiondoka, au akifa, chuo hakifi pamoja naye. Nyumba aliyokaa rekta si nyumba ya rekta. Gari si gari ya rekta. Na diploma aliyoitia sahihi miaka 20 iliyopita inabaki diploma ya chuo.

2. NGAZI YA KARATASI

Karatasi za nchi hazina nguvu sawa. Ziko kama ngazi, na kila moja inatii ile iliyo juu yake. Tuzipange toka juu kushuka chini:

Ya kwanza, Katiba. Ile tunayotumia ni ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006. Kifungu cha 43 kinasema kwamba elimu ya taifa ina vyuo na shule za Leta, na zile za watu binafsi zenye agrema. Na kwamba sheria ndiyo inaweka masharti ya kuzianzisha na kuziendesha. Kifungu cha 45 kinasema kufundisha ni huru, lakini chini ya uangalizi wa Leta. Tena Katiba inagawanya kazi: kuweka kanuni za masomo kwa nchi nzima ni kazi ya Kinshasa peke yake, lakini kuanzisha shule na vyuo ni kazi ambayo Kinshasa na majimbo wote wanaweza kuifanya.

Ya pili, sheria, yaani ile inayopigiwa kura na Bunge. Mbili zinatuhusu hapa. Sheria nambari 08/009 ya tarehe 7 mwezi wa 7, 2008, inaeleza etablisma piblike za namna zote. Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 mwezi wa 2, 2014, ndiyo sheria kubwa ya elimu, toka shule ya watoto wadogo hadi iniversite. Ndiyo pia iliyofungua mlango wa mpango wa LMD: Lisansi miaka 3, Masta miaka 2, halafu Doktora. Zamani kaka zetu walifanya gradia miaka 3 na lisansi miaka 2. Basi mtu akikuambia leo «mimi niko lisansie», muulize kwanza ni wa mpango upi, wa zamani au wa sasa.

Ya tatu, ordonansi ya Prezidenti wa Republika. Katika historia yetu kulikuwa pia na «ordonansi-sheria»: Prezidenti anaitia sahihi, nayo inapata nguvu ya sheria. Tutaikuta mara mbili hapa chini.

Ya nne, dekre ya Minista wa Kwanza. Sheria ya 2008 inasema kwamba etablisma piblike inaundwa kwa dekre ya Minista wa Kwanza, baada ya kuzungumzwa katika kikao cha maminista wote. Hiyo ni kusema: hata minista wa vyuo vikuu, akiwa peke yake katika biro yake, hawezi kumzaa mtu huyu wa sheria.

Ya tano, arete ya minista. Kwa arete, minista anapanga mambo ya wizara yake. Tena kila mwaka wa masomo anatuma maagizo kwa vyuo vyote: masomo yaanze lini, yaishe lini, wanafunzi waandikwe namna gani.

Ya sita, uamuzi wa rekta, ambao unafanya kazi ndani ya chuo chake tu.

Kwa nini tunahesabu vipandio hivi vyote? Kwa sababu mtu akikuonyesha karatasi yenye muhuri, usitosheke na muhuri. Angalia ni karatasi ya kipandio gani, na inasema nini hasa. Barua ya ruhusa ya kutafuta kiwanja si dekre. Barua ya kupokea dosye si agrema. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Masomo nayo ni mali.

3. TULIKOTOKA: MITATU ILIKUWA MMOJA, MMOJA UKAWA MITATU

Kabla ya kufika Karhale, tupite katika historia, kwa maana sheria za leo zimejibu matatizo ya jana.

Wakati wa Wabelgiji, iniversite ya kwanza ilikuwa Lovanium, karibu na Léopoldville, mwaka 1954. Ilikuwa ya Wakatoliki, chini ya Iniversite ya Louvain. Ya pili ilikuwa ya Leta: dekre ya mwaka 1955 iliunda Iniversite Ofisieli huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ya tatu ilikuja baada ya uhuru: mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Iniversite Huru ya Kongo huko Stanleyville, leo Kisangani. Kwa hiyo nchi ilikuwa na iniversite tatu, na kila moja na wenyewe.

Halafu ikaja shida. Tarehe 4 mwezi wa 6, 1969, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Mwaka 1971 ghasia zilirudi Lovanium, na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi wa 8 wa mwaka uleule, kwa ordonansi-sheria, Prezidenti Mobutu aliziunganisha iniversite zote tatu kuwa moja: Iniversite ya Taifa ya Zaire, UNAZA. Vyuo vya ualimu na vya ufundi viliingizwa humo pia, hata ISP yetu ya Bukavu. Rekta alikuwa mmoja tu kwa nchi nzima, Monseniere Tshibangu. Lovanium haikuwa tena ya Wakatoliki, na ile ya Kisangani haikuwa tena ya Waprotestanti. Karatasi moja ilibadilisha mwenyewe.

Fakulte ziligawanywa kati ya miji mitatu. Sheria na udaktari viliwekwa Kinshasa. Fasihi na sayansi za jamii, Lubumbashi. Saikolojia na elimu ya kufundisha, Kisangani. Fikirini basi mtoto wa Bukavu wa wakati ule aliyetaka kusoma sheria. Barabara ya kufika Kinshasa hakuna, hadi ndege. Akikosa ndege au akikosa jamaa wa kumpokea kule, anaacha sheria na kutafuta kazi nyingine. Kwa karatasi nchi ilikuwa na iniversite moja kubwa. Kwa mtoto wa Nyawera, iniversite ilikuwa mbali kuliko zamani.

Jambo la kushangaza: jirani zetu wa mashariki walikuwa wamefanya kinyume mwaka mmoja mbele yetu. Wao walikuwa na Iniversite moja ya Afrika Mashariki tangu 1963, yenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 waliigawa, na kila nchi ikatunga sheria yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa kwa sheria nambari 12 ya mwaka 1970, na Mwalimu Nyerere akawa mkuu wake wa kwanza wa heshima. Wao walitenganisha 1970, sisi tuliunganisha 1971. Na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliunganisha vyuo vyake vya Leta kuwa Iniversite moja ya Rwanda mwaka 2013. Basi kuunganisha na kutenganisha si jambo la kwetu tu. Ila kila mara linafanyika kwa sheria, na kila mara mwanafunzi ndiye anayelala leo katika chuo kimoja na kuamka kesho katika kingine.

UNAZA iliishi miaka 10. Kazi yote ilipita Kinshasa: kuandika walimu, kupanga programu, hata mambo madogo. Tarehe 3 mwezi wa 10, 1981, ordonansi-sheria nyingine iliivunja. Iniversite za Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani zilipata tena kila moja utu wake wa sheria, na vyuo vya juu vikapata vyao. Sheria hiyo ya 1981 ndiyo iliyochora mabaraza ambayo hata leo tunayakuta katika vyuo vyetu.

4. UOB: MTOTO ALIYEBEBWA MGONGONI

Hata baada ya 1981, Bukavu haikuwa na iniversite ya Leta. Tulikuwa na vyuo vya juu tu. Mwaka 1993 Iniversite ya Kisangani ilifungua tawi hapa. Goma pia ilianza hivyo, kwa tawi la Kisangani.

Tawi ni nini kwa sheria? Tawi ni mtoto aliye mgongoni. Anakula, analia, anakua, lakini hatembei kwa miguu yake. Tawi la Bukavu lilikuwa na wanafunzi wake, walimu wake na oditware zake. Lakini mtu wa sheria alikuwa Kisangani. Rekta alikuwa Kisangani. Diploma ilikuwa ya Kisangani. Na kati ya Bukavu na Kisangani kuna msitu, na tangu 1996 kulikuwa na vita. Karatasi inayosubiri sahihi ya mtu aliye ng'ambo ya msitu, wakati wa vita, inasubiri sana.

Mwaka 2004 tawi lilipata kujitegemea, likaitwa Iniversite Ofisieli ya Bukavu. Siku ile majengo hayakubadilika, wala wanafunzi. Kilichobadilika ni karatasi, na pamoja nayo mahali pa kuamua. Tangu hapo UOB ina rekta wake hapa mjini na diploma kwa jina lake. Mtoto wa Nyawera anayetaka sheria au udaktari anaweza kupanda Karhale kwa miguu. Yale aliyoyakosa mtoto wa UNAZA mwaka 1975, sisi tumeyapata kwa sababu ya karatasi. Basi msiseme karatasi ni karatasi tu.

5. NANI ANAAMUA NINI?

Hapa tunaeleza sheria ya nchi jinsi ilivyoandikwa. Tangu mwezi wa 2, 2025, mji wetu unaishi hali ambayo kila mmoja wetu anaijua, na gazeti la wanafunzi si mahali pa kuihukumu. Lakini mwanafunzi anapaswa kuijua sheria hata siku ambazo njia ya kuitumia ni nyembamba.

Tupande toka chini.

Promosio. Wanafunzi wa mwaka mmoja wanaitwa promosio, na wana mkuu wao, CP. Yeye ni kama kapita wa darasa kwetu: anasema kwa ajili ya wenzake, anapeleka habari, analeta jibu.

Departema na fakulte. Departema inaongozwa na mkuu wake. Departema nyingi zinafanya fakulte, na fakulte inaongozwa na doyeni pamoja na baraza la fakulte. Hapo ndipo masomo yanapogawanywa: nani afundishe nini, masaa mangapi. Katika ISP na vyuo vya juu, badala ya fakulte wanasema seksio.

Juri. Hii wengi hawaijui. Pointi za mwisho wa mwaka haziamuliwi na rekta, wala na mwalimu mmoja. Zinaamuliwa na juri, yaani walimu wote wa promosio wakiketi pamoja, wenye prezidenti na sekretere wao. Mtu akikuambia «mimi najuana na rekta, atakupitisha», ujue anakuuzia hewa.

Komite ya usimamizi. Ndiyo serikali ndogo ya chuo. Ndani yake kuna rekta; Sekretere Jenerali wa Masomo, anayeshughulika na wanafunzi na programu; Sekretere Jenerali wa Utawala, anayeshughulika na wafanyakazi na majengo; na Administratere wa Bajeti, anayeshika mfuko. Katika ISP na vyuo vya juu, badala ya rekta kuna Direktere Jenerali. Kwa miaka mingi watu hawa hawakuchaguliwa kwa kura za walimu wala za wanafunzi. Wamekuwa wakiteuliwa na wakubwa wa nchi, na minista anaweza kuwasimamisha.

Baraza la chuo. Hili ni pana zaidi. Linakutanisha komite ya usimamizi, madoyeni, na wajumbe wa walimu, wa wafanyakazi na wa wanafunzi. Ni hapa ambapo sauti ya mwanafunzi inaingia kwa mlango wa sheria, si kwa dirisha.

Baraza la utawala. Sheria ya 1981 iliweka matatu, yote juu ya vyuo: moja kwa iniversite zote za Leta, moja kwa vyuo vya ualimu, moja kwa vyuo vya ufundi. Hayo yanaangalia programu na mambo yanayovihusu vyuo vyote pamoja.

Minista. Yeye anasimamia yote kwa jina la Leta. Hafundishi wala hakai katika juri. Anaangalia kwamba sheria inafuatwa.

Mkiangalia vizuri mtaona mambo mawili yanavutana. Sheria inasema chuo kinajitegemea: kina utu wake, kina mabaraza yake. Lakini kwa miaka mingi uteuzi wa wakubwa wake umekuwa mikononi mwa Kinshasa. Wako wanaosema ni vizuri, kwa sababu ukabila wa mjini ungeharibu kura. Wako wanaosema ni vibaya, kwa sababu mkubwa anayeteuliwa kutoka mbali anatazama mbali, hatazami walio mbele yake. Sisi tunaona yote mawili yana ukweli ndani. Dawa si kutupa baraza moja, bali kila baraza kukutana kweli, kuandika kweli yaliyosemwa, na wajumbe kuwaambia waliowatuma. Baraza ambalo halikutani ni jina tu kwenye karatasi.

6. MFUKO

Mtu anaweza kuzaliwa vizuri na bado akakosa chakula. Ndiyo hali ya vyuo vyetu vingi.

Mfuko wa chuo cha Leta una milango miwili mikubwa. Mlango wa kwanza ni Leta, inayopaswa kulipa mishahara na kutoa feza za kuendesha kazi. Mlango wa pili ni sisi na wazazi wetu: feza za masomo. Kwa sheria, Leta ndiyo baba wa chuo. Katika maisha, mara nyingi mama muuza sambaza ndiye anayekilisha.

Iko hivi. Mwalimu akiisha kuandikwa Kinshasa na kupata nambari yake, mshahara unatoka kwa Leta. Lakini wengi, hasa waasistanti, wanafundisha miaka bila kuingia katika orodha ya mishahara. Hao wanaishi kwa «primu ya pale», na primu ya pale inatoka katika feza za wanafunzi. Wanafunzi wakichelewa kulipa, asistanti anachelewa kula. Leta ikichelewa, maprofesa wanagoma. Na mgomo ukiendelea, mwaka wa masomo unavuka miezi 12, na mzazi analipa nyumba ya kupanga kwa miezi ambayo hakuna somo.

Kwa hiyo tukisikia wakubwa wetu wa Karhale wanadai habari za matumizi ya feza, tusiseme haraka kwamba ni wakorofi. Anayetia feza katika mfuko ana haki ya kuuliza zimeenda wapi. Ila aulize akiwa na bordero mkononi, si jiwe.

7. MILANGO YA KUBISHA, NA MASWALI YA KUULIZA

Mwishoni tunawapa wenzetu mambo ya kukata na kuweka ndani ya daftari.

Kabla ya kujiandikisha popote, uliza haya manne:

a) Chuo hiki ni cha Leta au cha watu binafsi? Kama ni cha Leta, kiliundwa kwa karatasi gani, ya mwaka gani? Kama ni cha binafsi, agrema yake iko wapi?

b) Ni chuo chenyewe au ni tawi? Kama ni tawi, diploma itatolewa kwa jina la nani, na mji gani?

c) Fakulte ninayoitaka imekubaliwa? Chuo kinaweza kuwa na agrema, lakini fakulte mpya haimo ndani yake.

d) Wa kwanza waliomaliza hapa, diploma zao wameshika mkononi? Tafuta mmoja, umwone kwa macho.

Chuo cha kweli hakikasiriki kwa maswali haya. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Ukiisha kuingia, ukapata tatizo, bisha mlango wake:

Pointi zimekosewa: andika kwa juri ya promosio yako, upesi, kabla ya siku zilizowekwa kwisha.

Mwalimu hafiki oditware: CP apeleke kwa mkuu wa departema, halafu kwa doyeni.

Ulilipa na jina lako halimo: peleka bordero ya benki kwa Administratere wa Bajeti. Usimpe mtu yeyote feza mkononi.

Kuandikishwa, kubadili fakulte, programu: Sekretere Jenerali wa Masomo.

Hakuna aliyejibu: andika kwa rekta, na nakala kwa wale wote ulioanza nao.

Kila barua, fanya mbili. Moja unaiacha, nyingine wanaitia muhuri na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Bila nakala ile, kesho watakuambia hawakukuona.

Wanafunzi wenzetu, dada yule tuliyemtaja juu alirudi shuleni. Alianza upya mwaka wa kwanza katika chuo chenye karatasi zake, pamoja na watoto aliowazidi miaka 4, na mama yake bado anauza. Hatuwaandikii haya ili muogope iniversite. Tunawaandikia ili kila mmoja atakayepanda Karhale, au kwenda ISP, au Panzi, au popote, aingie akijua anaingia nyumba ya nani, nani anashika ufunguo, na yeye mwenyewe ana haki gani ndani yake.

Wazazi wengi hawatasoma gazeti hili. Basi lisome kwao jioni, kwa Kiswahili cha nyumbani, kabla hawajatoa feza za kwanza.

Masomo mema kwa wote, na nguvu kwa wenzetu wa Exetat!

Kwa niaba ya makapita wa shule,
Humanite ya 4, Nyawera, Bukavu